Bomu la Palomares, ateliye ya Kolwezi na parsele ya Katuba



Juma iliyopita dada mmoja wa promosyo inayofuata yetu aliniandikia usiku. Kaka yake ametoka Force Navale kule Kalemie, miaka tisa, fundi wa motere na wa radio za mashua. Sasa kuna ofisi moja aliyoipata kwenye simu, inamwambia kwamba kwa dola 6,500 atafanya formasyo ya majuma matatu, kisha atakuwa rubani wa roboti za chini ya bahari, zile zinazotengeneza visima vya petroli ndani ya maji. Franga hawana. Wako na parsele ya marehemu baba, Katuba. Dada anauliza: "Yaya, tuuze ao tusiuze?"

Nilimjibu neno moja paka: ngojeni. Lakini neno moja haliwezi kumtuliza mtu anayeona miaka yake inapita, na nilimwahidi kwamba nitaandika kwa urefu. Na kwa sababu wengi humu ndani mumeshaniuliza ile swali kwa njia nyingine, naiandika kwa wote. Mimi ni mtu wa elektromekaniki, si mwanahistoria. Lakini nimeifuata historia ya ile kazi juu ilinigharimu, na nitasema pia ginsi ilivyonigharimu. Ukijua kazi ilizaliwa wapi na ilizaliwa na nani, unajua pia inapenda kuingiza watu kupitia mlango gani.

Tuanze Uhispania, tarehe 17 mwezi wa kwanza 1966. Ndege ya vita ya Marekani, B-52, ilikuwa inakunywa mafuta hewani kutoka kwa ndege ingine, KC-135, juu ya kijiji cha Palomares. Ziligongana. Watu 7 walikufa, na mabomu 4 ya hidrojeni yakaanguka. Matatu yalipatikana nchi kavu, na mawili kati yao yalikuwa yamepasuka kwa baruti yake ya kawaida na kumwaga plutonyo mashambani. La nne liliingia Mediterania. Mvuvi mmoja, Francisco Simó Orts, aliliona linashuka na parashuti na akawaonyesha mahali. Mwanzoni hawakumsikiliza sana. Munajua vile inaendaga: mvuvi anasema, ofisa anaandika, kisha anaenda kutafuta mahali pengine.

Nyambizi ndogo yenye watu ndani, Alvin, ililiona lile bomu tarehe 15 mwezi wa tatu, kwenye mita karibu 780. Walipojaribu kulivuta kamba ikakatika, bomu likateleza kwenda chini zaidi. Wakalitafuta tena, wakalipata tarehe 2 mwezi wa ine, kama mita 880. Hapo njo wakaleta chombo kisichokuwa na mtu ndani. Kiliitwa CURV. Fikirieni fremu ya chuma yenye motere, kamera, sonari, mkono mmoja wa kukamata, na waya mrefu unaopanda mpaka kwenye meli, ambapo mtu amekaa kwenye kiti anatazama televizyo na kusukuma vijiti. Tarehe 7 mwezi wa ine CURV ikashuka, ikajinasa yenyewe ndani ya parashuti ya bomu. Waliokuwa juu wakaamua kuvuta vyote pamoja, roboti na bomu, sawa vile mtu anavuta nyavu bila kujua kama samaki atatoka. Vikatoka.

Hapo njo mahali pa kukaa kidogo. Ile CURV haikutengenezwa kwa bomu la hidrojeni, wala kwa petroli. Ilitengenezwa na mafundi wa jeshi la maji la Marekani, kwenye kituo cha kujaribia silaha huko California, juu ya shida moja ya kila siku: torpedo. Walikuwa wanazirusha kwa majaribio karibu na kisiwa cha San Clemente, zinazama, na wanazitaka tena ili waone nini imeharibika ndani. Torpedo ni bei kali, na mzamiaji hafiki kina kile. Kwa hiyo mafundi walijenga mkono wa kwenda kuokota. Hata kina cha Palomares kilipita uwezo ambao walikuwa wameupangia, wakalazimika kuiongezea uwezo haraka haraka. Kabla yao kulikuwa Dimitri Rebikoff, mtu wa Ufaransa, ambaye mwaka 1953 alikuwa na chombo cha waya alichokiita Poodle, kwa kutafuta vitu vya kale chini ya bahari. Wengi wanakihesabu kuwa cha kwanza. Lakini kazi, kazi yenyewe yenye mishahara na zamu, ilitoka kwenye torpedo.

Naomba mukumbuke ile sura: hakuna shule, hakuna cheti, hakuna jina la kazi. Kuna torpedo imezama na fundi anayekasirika.

Hadithi ya pili njo ninayoipenda kuliko zote. Tarehe 29 mwezi wa nane 1973, watu wawili walikuwa ndani ya nyambizi ndogo iitwayo Pisces III, kama kilomita 240 kutoka pwani ya Ireland. Kazi yao ilikuwa kuzika waya wa simu unaovuka Atlantiki. Mmoja, Roger Chapman, miaka 28, alikuwa ofisa wa nyambizi wa jeshi la maji la Uingereza kabla ya kuingia kazi ya kiraia. Mwingine, Roger Mallinson, miaka 35, enjenyere, mtu wa mashine mpaka kwenye kucha. Walipokuwa wanarudishwa juu, kamba ya kuvutia iling'oa kifuniko cha chumba cha nyuma, maji yakajaa, nyambizi ikashuka matako kwanza mpaka mita 480. Wakakaa pale ndani ya tufe la chuma lenye upana usiozidi mita mbili, na sandwichi moja na kopo moja la limonadi.

Hewa ilikuwa ya saa 72 hivi. Waliacha kusema, juu kusema kunakula oksijeni. Walilala wakishikana mikono, ili kila mmoja ajue kama mwenzake bado yuko. Kule juu, nyambizi zingine mbili za aina ileile zilishindwa mara na mara. Ikabidi kuita mafundi wa California na mashine yao ya tatu, CURV-III, ambayo ilisafirishwa kwa ndege kisha kwa meli. Tarehe 1 mwezi wa kenda asubuhi, Pisces II ilifunga kamba ya kwanza, kisha CURV-III ikafunga ya pili. Walipofika juu walikuwa wamekaa chini saa 76, na oksijeni iliyobaki ilikuwa ya dakika 12.

Kwa nini naipenda? Si juu ya dakika 12, ingawa kila mtu anasimulia paka hizo. Ni juu ya mambo mawili. La kwanza, kabla ya kushuka Mallinson alikuwa amebadilisha chupa ya oksijeni, akaweka iliyojaa. Ile iliyokuwepo ingeweza kutosha kwa kazi ya siku ile, lakini aliibadilisha. Sasa niambieni, shule gani inafundisha tabia ya namna hiyo ndani ya majuma matatu?

La pili ni alichofanya Chapman kisha. Hakukimbia bahari. Alifungua kampuni ya kwake, Rumic, ya kuokoa watu waliokwama ndani ya nyambizi. Mwaka 2000, nyambizi ya Urusi, Kursk, ilizama na watu 118, na hakuna hata mmoja aliyetoka mzima. Miaka mitano nyuma yake, mwezi wa nane 2005, Urusi ilikwama tena: chombo kidogo AS-28, watu 7, kimenaswa na nyavu na waya kwenye mita 190 karibu na Kamchatka. Safari hii waliita msaada mapema. Kutoka Scotland ilipelekwa kwa ndege roboti ya jeshi la Uingereza, Scorpio 45, ikiendeshwa na watu wa ile kampuni ambayo Chapman aliianzisha, wakati ule imeshaingia chini ya James Fisher. Roboti ikakata nyavu moja moja. Wote 7 walipanda wazima. Yule aliyeokolewa na roboti mwaka 1973, kazi yake njo ilipeleka roboti kuokoa wengine mwaka 2005. Chapman alikufa 2020.

Sasa petroli. Katikati ya zile hadithi mbili, bahari ya Kaskazini ilifunguka: Ekofisk upande wa Norwe mwaka 1969, Forties 1970, Brent 1971. Kazi ya chini ilifanywa na wazamiaji, vijana wengi waliotoka jeshini, na walilipwa vizuri sana, na walikufa sana. Tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 1983, kwenye mtambo unaoitwa Byford Dolphin, chumba cha presha kilifunguka kabla ya wakati wake na watu 5 wakafa mara moja. Wazamiaji wa Norwe waliobaki na magonjwa ya ubongo na mapafu walipigana na serikali yao miaka mingi. Mahakama ya Ulaya ya haki za binadamu iliwapa haki kwa sehemu mwaka 2013, wakati wengine walikuwa wazee na wengine wameshazikwa.

Mwili wa mtu una mwisho wake. Kila mita 10 unayoshuka, presha inaongezeka kama bari moja. Kampuni ya Comex ya Marseille ilipeleka watu kufanya kazi baharini kwenye mita 534 mwaka 1988, na mpaka leo hiyo inahesabiwa sawa vile maajabu. Kazi ya kawaida ya wazamiaji haipiti mita 300 hivi. Kwa hiyo kampuni zilipoanza kuchimba chini zaidi, hakukuwa tena na mjadala wa roboti ao mtu. Ni roboti ao hakuna kisima.

Na nani angeziendesha? Wale wa kwanza kampuni ziliowatafuta walikuwa watu wa jeshi la maji na wa anga, na mafundi wa viwanda. Hapa watu wengi wanakosea. Wanafikiri ni juu ya nidhamu, ao juu ya ujasiri. Jeshi lina vitu vingine vilivyokuwa na maana zaidi: lilikuwa limewafundisha elektroniki na hidroliki kwa franga za serikali, liliwazoeza kuishi majuma na majuma ndani ya chuma na watu walewale, na liliwafundisha kutengeneza kitu usiku, bila kipande cha kubadilisha, na mkubwa amesimama nyuma yao. Cheo hakikuuliziwa. Sajenti aliyejua kutafuta maji ndani ya konekta alikuwa na bei kuliko kapteni asiyejua.

Niwaeleze kidogo ile mashine, juu jina "rubani" linadanganya. Roboti kubwa ya kazi ni ukubwa wa gari dogo. Juu ina povu gumu la kuelea, chini fremu, na nguvu ya farasi 100 mpaka 200. Ina mikono miwili, mmoja wa kushika kwa nguvu, mwingine wa kazi ya akili wenye viungo vingi. Umeme na picha vinapita ndani ya waya mmoja mnene kutoka kwa meli. Umeme unazungusha pampu, pampu inasukuma mafuta kwa bari 200 hivi, mafuta yanazungusha propela na kukunja mikono. Masanduku mengi ya ndani yanajazwa mafuta, ili presha ya nje ikutane na kitu kisichobonyea. Kwenye zamu moja mara nyingi kuna watu watatu, saa 12, ndani ya kontena lenye skrini, na zamu ingine inashika saa 12 zinazobaki. Siku nzuri unaendesha. Siku zingine, na ni nyingi, roboti iko juu ya deki imefunguliwa tumbo na wewe uko ndani yake mpaka mabega.

Mafuta kwa bari 200, pampu, filta, vizibo vinavyovuja, hozi iliyochoka. Ndugu zangu wa Kolwezi na Likasi, ile ni lugha gani kama si yenu? Kamyo la mgodi na roboti ya bahari ni ndugu wa baba mmoja. Mimi hilo nilichelewa kulijua.

Nilifanya miaka mitano kwenye ateliye ya hidroliki, Kolwezi. Nilikuwa naidharau ile kazi. Nilikuwa na diploma, na nilikuwa nanuka mafuta. Nikasikia habari ya roboti, nikakusanya dola 2,800, nikaenda inchi ingine kwenye shule moja, majuma mawili. Nilirudi na karatasi nzuri yenye picha ya nanga. Nikatuma maombi 60 na kitu. Waliojibu walikuwa 4, na wote waliuliza maswali yaleyale: umefanya hidroliki miaka mingapi? unasoma skima ya umeme? umeshatafuta hitilafu peke yako? Ile karatasi hakuna aliyeiuliza. Na mimi kwenye CV nilikuwa nimeweka shule juu kabisa, kwa herufi nene, na Kolwezi chini, mistari miwili, kwa aibu.

Siwezi kusema ile shule ilikuwa ya wezi. Walitufundisha kitu, na kuna shule za kweli zenye simulateri na bwawa. Lakini walituachia tuamini kwamba karatasi njo mlango. Sivyo kazi inavyopangwa. Shirika la kampuni za bahari, IMCA, lililozaliwa 1995, linahesabu ngazi tatu: rubani-fundi wa ngazi ya pili, wa ngazi ya kwanza, kisha msimamizi. Kupanda ngazi kunatokana na siku na saa za kazi zilizoandikwa ndani ya kitabu chako na kusainiwa. Hakuna shule inayoweza kukuuzia zile saa. Franga ambayo huwezi kuikwepa ni ya kipimo cha daktari na ya mafunzo ya kuokoka baharini, ambapo wanakufunga mkanda ndani ya kibanda cha helikopta, wanakipindua ndani ya maji, na wewe unatafuta dirisha. Hiyo lipeni, lakini pale mumeshaona kazi karibu.

Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma. Kampuni ndogo ilitafuta fundi wa kusaidia kukagua barrage moja ya kwetu. Walikuwa na roboti ndogo ya kubebwa na watu wawili, kamera na taa tu. Maji ya Lualaba wakati wa mvua ni chai ya maziwa: unaendesha kwa sonari na kwa kuvuta waya kwa mkono. Hakuna bahari hapo, hakuna helikopta. Lakini saa zangu za kwanza zilizosainiwa zilitoka kwenye ule ukuta, na miaka miwili nyuma yake njo nikapanda meli kwenye ghuba ya Guinea, msaidizi wa mwisho kabisa.

Usiku wangu wa tatu kengele ya umeme ililia: maji yameingia mahali. Roboti ikapandishwa. Msimamizi wetu, mzee aliyetoka jeshi la maji la Uingereza, hakusema neno, alinipa mita ya umeme na akakaa. Nikaanza kuchomoa konekta moja moja na kupima, sawa vile tulivyokuwa tunafanya Kolwezi kwa mashine ya kutoboa mwamba. Ilikuwa ya kumi na moja. Tone moja la maji, dogo kuliko chozi. Yule mzee akauliza paka swali moja: "Umejifunza wapi?" Nikamwambia Kolwezi. Akafungua kitabu chake akaomba nimtajie herufi.

Sasa upande wa shida, juu sitaki muniambie kwamba nimeandika mambo mazuri tu.

Kazi kubwa ya maji marefu iko karibu yetu kabisa. Girassol ya Angola ilianza kutoa petroli mwisho wa 2001, visima vyake viko chini ya mita kama 1,350 za maji, kisha vikafuata Dalia, Pazflor, CLOV, Kaombo. Brazzaville iko na Moho-Bilondo tangu 2008. Na sisi? Sisi tuko na pwani ya kilomita 40 hivi, imebanwa kati ya Cabinda na Angola, matokeo ya kalamu za watu waliogawanya bara bila kutuuliza. Petroli yetu ya baharini, mbele ya Muanda, inatolewa tangu 1975, lakini ni kwa maji mafupi ambapo mzamiaji anatosha. Angola na Brazzaville ziko na sheria za kutanguliza raia wao kwenye kazi za petroli. Siwalaumu, na sisi tungefanya vile. Lakini mtu wa Katuba anayefika Luanda ao Pointe-Noire na karatasi ya majuma matatu anapanga foleni nyuma ya watoto wa pale wenye karatasi ileile. Kitu kinachoweza kumpitisha ni kile ambacho wao hawana, na hicho hakitoki kwenye majuma matatu.

Kisha bei. Petroli ikianguka, roboti zinalala. Ilikuwa hivyo 1986. Ilikuwa hivyo tena kati ya 2014 na mwanzo wa 2016, wakati pipa lilitoka zaidi ya dola 100 likashuka chini ya 30, na watu wenye miaka 15 ya kazi walirudishwa nyumbani kwa barua ya mistari mitatu. Mwaka 2020 tena. Siku hizi kuna marubani wanaoendesha roboti wakiwa nchi kavu, Stavanger kule Norwe, mashine iko mbali ndani ya bahari. Wanaobaki melini ni wale wa kutengeneza. Munaona: hata pale rubani anaondoka, fundi anabaki.

Na bahari si petroli tu. Ndege ya Air France ya Rio-Paris ilianguka mwezi wa sita 2009, na mwezi wa tano 2011 roboti njo ilipandisha masanduku meusi kutoka mita 3,900. Intaneti munayosomea haya inapita chini ya bahari, na kwetu iko na adui wa pekee: mto wetu wenyewe. Mto Congo unaingia baharini na bonde refu lililochimbwa chini ya maji, na mchanga ukibomoka ndani yake unakata waya. Mwezi wa kwanza 2020, nyuma ya mafuriko makubwa, mporomoko mmoja ulikimbia zaidi ya kilomita 1,100 chini ya bahari na kukata SAT-3 na WACS. Mwezi wa nane 2023 zilikatika tena, na tulingojea meli Léon Thévenin itoke Cape Town. Ule mchanga unatoka kwetu. Mafundi wa kuunganisha waya hawatoki kwetu, ao ni wachache sana. Mimi naona hapo kuna mahali pa kijana kuliko kwenye matangazo ya simu. Na msisahau barrage zetu, na ziwa Kivu, ambapo upande wa Rwanda wanavuta gazi kwa mabomba yanayoshuka mita mamia. Tanganyika yenyewe, ambayo yule kaka ameilinda miaka tisa, ina mita 1,470. Ni refu kuliko maji ya Girassol. Yeye hajui kwamba alikuwa anaelea juu ya kina cha namna hiyo.

Kwa hiyo dada, jibu langu ni hili. Parsele musiuze. Kaka yako yuko na kitu ambacho ile ofisi haiwezi kumuuzia, na kinachokosekana hakiko kwa ile ofisi. Atafute ateliye ya hidroliki, hata kwa mshahara mdogo, mwaka mmoja ao miwili. Asome umeme wa kutafuta hitilafu. Kiingereza, kila siku, hata nusu saa, juu melini kila kitu kinaandikwa kwa Kiingereza. Kisha tutamtafutia barrage, ao bandari, ao mtu mwenye roboti ndogo. Inaweza kuchukua miaka mine, na inaweza isifanye kazi. Nikikuambia kingine nitakuwa nafanana na wale wa dola 6,500.

Ninajua si jibu mlilotaka. Alikuwa ameshaambia watoto wake.

Jana yeye mwenyewe aliniandikia, mara ya kwanza. Hakusema asante, hakusema kwamba amekasirika. Alinitumia foto: pampu ya mashua imefunguliwa juu ya gazeti, vipande vyote vimepangwa kwa mstari, kizibo cha zamani kando ya kipya. Akauliza kama ile karatasi ya Force Navale, inayosema tu "mécanicien", inatosha kwa CV. Nimemwambia haitoshi, aandike yeye mwenyewe kila mashine aliyoigusa, mwaka, shida ilikuwa nini na aliitengeneza kwa kitu gani. Tutaisoma pamoja siku ya posho. Nimemwomba aanze na ule usiku motere ilizima katikati ya ziwa, na watu 22 ndani, ile ambayo dada yake alinisimulia kwa kupita tu.

Kama kuna mtu humu mwenye ateliye Lubumbashi ao Likasi anayetafuta msaidizi, aniandikie.